Dai Namba Kabla Taa Haijazimwa

Hotuba kwa madereva wa taksi na wamiliki wa magari, Tanga

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, madereva wenzangu, na nyinyi vijana wa gereji mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: habari za asubuhi. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema maneno machache tu: "Fundi, njoo uwaeleze watu wangu habari za taa za dashibodi, maana wanalizwa." Neno hilo la kulizwa lilinichoma. Mimi ni fundi umeme wa magari. Niliianza kazi hii nikiwa kijana wa kushika tochi na kuosha plagi kwa petroli, na sasa imepita miaka zaidi ya ishirini. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote si kwamba gari limeharibika. Gari ni chuma, litaharibika tu. Malalamiko ni haya: "Nililipa, taa ikazimwa, ikakaa siku tatu, ikarudi." Mtu huyo hakutengenezewa gari, alizimiwa taa, na akalipa.

Nimekuja na ombi moja. Taa ikiwaka, usikubali mtu yeyote aizime kabla hajakupa namba ya hitilafu iliyoiwasha. Iandike namba hiyo mahali, kwenye simu, kwenye daftari la mafuta, popote. Baada ya hapo gari litengenezwe, ndipo taa izimwe. Kufuta ni hatua ya mwisho, na maana yake ni kuangalia kama tatizo limekwisha kweli.

Kabla sijafika kwenye namba, kuna jambo la kufanya kesho asubuhi. Kaa kwenye kiti, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata. Tulia uhesabu. Lazima uone taa ya oili, ya chaji, ya cheki injini, ya ABS, yaani breki zinazozuia tairi zisijifunge, kama gari lako linayo, na ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu gari likigonga. Taa ya ABS na ya eabegi zitazimika zenyewe baada ya sekunde chache, hata injini haijawaka, maana kompyuta zake zimejikagua na kuridhika. Ya oili, ya chaji na ya cheki injini zitabaki mpaka injini iunguruke. Huo ndio ukaguzi aliokuwekea mtengenezaji, na ni wa bure.

Sasa kama kuna taa ambayo haiwaki kabisa katika hatua hiyo, hapo shtuka. Shtuka kuliko ungeshtuka kwa taa inayowaka.

Mwaka jana dada mmoja aliniletea Carina ya mwaka 1998 aliyoinunua mkononi kwa mtu. Gari safi, limepigwa rangi, viti vimevishwa upya, dashibodi haina hata taa moja ya njano. Shida yake ilikuwa petroli: lilikuwa linakunywa kupita kiasi. Nikageuza ufunguo. Oili ikawaka, chaji ikawaka, mahali pa cheki injini pakabaki giza. Nikafungua dashibodi, nikaitoa ile mita nzima na kuigeuza. Kwa nyuma balbu zake zimekaa kwenye vishikio vidogo vya plastiki, unavizungusha robo mzunguko vinatoka. Kimoja kilikuwa kitupu. Balbu imeng'olewa, kishikio kimerudishwa kwa adabu kabisa ili mtu asijue. Nikaweka balbu ya shilingi mia chache, taa ikawaka, ikakataa kuzima. Kompyuta ya gari lile ilikuwa inalia muda wote huo na hakuna aliyeisikia. Dada yule alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo aliyeniuzia alijua?" Sikuwa na jibu la kumfariji.

Na si kung'oa tu. Nimekuta taa ya eabegi iliyounganishwa kwa waya mwembamba na taa ya oili, ziwe zinawaka pamoja na kuzima pamoja. Ukikagua kwa ufunguo unaona zote zimewaka, injini ikiwaka zote zimezima, unaridhika. Kitu pekee kinachokisaliti kiini macho hicho ni muda. Taa ya eabegi inayozimika sekunde ileile injini inapowaka, sawasawa na ya oili, haijajikagua. Ya kweli ina hesabu yake yenyewe. Kwa hiyo ukienda kununua gari, geuza ufunguo na usubiri, usikimbilie stata hata muuzaji akikuharakisha.

Kuna na jambo la taa ya chaji ambalo madereva wengi hawalijui. Kwenye magari mengi ya zamani, ule umeme mdogo unaopita kwenye balbu ya chaji ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha umeme wa kuchaji betri. Ukiing'oa balbu kwa kuwa inakukera, altaneta inaweza isiamke kabisa, au ikaamka pale tu unapokanyaga sana. Dereva mmoja wa taksi hapa mjini alibadilisha betri mbili katika muda mfupi, na altaneta akaipeleka kufungwa brashi mpya. Kumbe balbu ilikuwa imekufa. Vijana wangu, kabla hamjamwambia mtu anunue betri, pimeni. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, mnatakiwa mwone kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kushuka, betri haina kosa, haipati chakula.

Nikirudi kwenye rangi, nyekundu inakuambia simama, ya njano inakuambia tafuta fundi, kijani na buluu ni taarifa tu. Mnalijua hilo, nisiwachoshe. Nitataja nyekundu mbili ambazo zimeua injini nyingi machoni pangu.

Ya kwanza ni ya oili, ile yenye picha ya birika linalodondosha. Watu wanadhani inapima wingi wa oili. Hapana, inapima presha. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo yenye waya mmoja, na swichi hiyo huwasha taa pale presha inapokuwa imeshuka karibu kwisha. Maana yake taa ikiwaka ukiwa barabarani, vyuma vimeshaanza kusagana. Huna nafasi ya kusema nitafika pale sheli. Nilipokuwa bado kijana, dereva wa Hilux alisimama gerejini pale nilipokuwa najifunza, akasema taa ya oili inawaka akisimama kwenye foleni, akikanyaga inazima. Fundi wangu hakuwepo. Nikachukua ule waya wa swichi nikauchomoa, taa ikazima, nikampokea hela yake. Alirudi baada ya wiki akivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa inagonga. Jambo lile nimelibeba mpaka leo, na ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuta kijiti cha oili nione kimo na hali yake, kisha kuitoa swichi, kufunga geji ya presha mahali pake na kusoma presha kwa macho. Kama presha ni nzuri, swichi mbovu, na ni kitu cha bei ndogo. Kama presha ni mbaya, gari lisiwashwe tena.

Ya pili ni joto. Ninyi mnaopandisha abiria kutoka Mombo kwenda Lushoto mnajua kile kilima kinavyobana gari lililozeeka. Baadhi ya gari ndogo, kama Passo na Vitz za miaka ya karibuni, hazina mshale wa joto. Kuna taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemsha, katikati hapo huoni kitu. Halafu kuna mtego: sensa ya joto imewekwa ipime maji. Rejeta ikipasuka na maji yakaisha yote, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na inaweza kusoma chini kuliko joto lenyewe. Mshale unashuka, dereva anashukuru Mungu gari limepoa, kumbe gasketi ya silinda hedi inaungua. Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla bila wewe kupunguza mwendo, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta. Subiri lipoe kwa muda mrefu hata kama abiria wanapiga kelele.

Taa ya breki niipite haraka: angalia hendibreki kwanza, kisha kimo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo yakishuka taratibu, mara nyingi pedi zimeliwa. Ukiongeza mafuta bila kuzitazama pedi, umezima taa tu.

Sasa cheki injini, maana hapa ndipo watu wanapolizwa.

Ndani ya gari lenye sindano za petroli kuna kompyuta inayosoma sensa: joto la maji, hewa inayoingia, pembe ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, oksijeni kwenye ekzosi, mtetemo wa injini, na nyinginezo. Kila sensa inatakiwa iseme jambo lenye akili. Ikisema lisilowezekana, au ikinyamaza, kompyuta inaandika namba kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa. Namba ndiyo habari yenyewe. Taa ni kengele ya mlangoni tu.

Marekani iliyalazimisha magari ya modeli ya 1996 na kuendelea yawe na tundu la kupimia la aina moja, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Magari yetu mengi, hata hivyo, yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na Japani haikubanwa na sheria hizo. Ndiyo maana unaweza kukuta gari la mwishoni mwa miaka ya 1990 lina tundu la pini 16 chini ya usukani, unachomeka kile kifaa cha bei rahisi cha Bluetooth, kinakuambia hakioni kompyuta. Si kwamba gari limekufa. Lugha zao hazifanani. Usimlipe mtu aliyekwambia "mashine imegoma, kwa hiyo kompyuta ya gari imeungua."

Kwa Toyota za wakati huo kuna njia isiyohitaji mashine yoyote, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu mwenye gari anaona kwa macho yake. Fungua boneti. Utaona kisanduku kidogo cha plastiki, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifunua, upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Hakikisha ufunguo umezimwa, gari liko P au gia huru, kiyoyozi na taa kubwa zimezimwa, betri ina nguvu. Chukua kipande cha waya, unganisha matundu hayo mawili, hayo mawili tu, maana jirani yake kuna tundu lenye umeme wa betri na ukikosea unaweza kuunguza fyuzi au zaidi. Geuza ufunguo, usipige stata. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza.

Ikikonyeza haraka na sawasawa bila kupumzika, hakuna namba iliyohifadhiwa. Kama ipo, itakonyeza kwa mafungu. Mikonyezo miwili, pumziko la sekunde moja na nusu, mkonyezo mmoja: hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Miwili, pumziko, miwili: 22, sensa ya joto la maji. Minne, pumziko, mmoja: 41, sensa ya throto. Mitano kisha miwili: 52, sensa ya kugonga kwa injini, ile inayosikiliza mlipuko usio wakati wake. Namba zikiwa zaidi ya moja, taa itazitaja zote kwa zamu, na kati ya namba na namba pumziko ni refu zaidi. Ziandike zote.

Niwaambie kisa cha mwalimu mmoja mstaafu. Gari lake ni Corolla ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi aliishi Raskazone, karibu kabisa na bahari, kisha akahamia kwao Lushoto. Huko juu kila asubuhi gari linasumbua kuwaka, anapiga stata mpaka betri inachoka. Akishuka Tanga linawaka baada ya kuhangaika kidogo. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, pampu ya petroli na sensa moja, na taa ilikuwa imezimwa mara tatu na gereji tofauti. Wa mwisho alimwambia anunue kompyuta nzima.

Nikaunganisha TE1 na E1 mwalimu akiwa amekaa kwenye usukani, nikamwomba ahesabu yeye. Akahesabu kwa sauti kama anafundisha darasa: moja, mbili... moja, mbili. 22.

Kwenye Toyota hizo, kompyuta ikipoteza habari ya joto la maji haizimi gari. Inakisia. Inachukulia kwamba maji yako nyuzi 80 na kuendelea na kazi. Sasa fikirieni alfajiri ya Lushoto mwezi wa saba, injini ni baridi kama mawe, inahitaji petroli nyingi ili iwake, na kompyuta inaamini injini ni ya moto, inaipa kidogo. Tanga kukiwa na joto tofauti ni ndogo, kwa hiyo gari linawaka kwa shida ndogo. Ugonjwa wote ulikuwa umeandikwa kwenye mikonyezo minne.

Namba 22, hata hivyo, haisemi "nunua sensa." Inasema habari za sensa hazifiki. Nikachomoa soketi nikapima sensa yenyewe kwa mita. Ikasoma kiloomu mbili na kidogo, sawasawa na inavyotakiwa kwa injini iliyolala usiku kucha kwenye joto letu la pwani, maana kwa nyuzi 20 huwa kati ya 2 na 3. Sensa nzima. Nikarudi kwenye soketi, nikaivuta ile mpira wa nyuma. Waya mmoja ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, umebaki uzi mmoja unaogusa na kuachia. Ndiyo chumvi ya bahari hiyo. Sisi tunaoishi pwani, nusu ya taa zetu zinatoka kwenye soketi na kwenye athi zilizooza, zile nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi, si kwenye spea. Nikakata sehemu mbovu, nikaunganisha waya mpya kwa risasi ya kulehemu, nikaweka grisi. Halafu nikazima ufunguo, nikachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, ya ampea 15, nikasubiri. Kitabu kinasema sekunde 10 au zaidi, mimi huacha dakika nzima. Nikairudisha. Tukazunguka mjini, tukarudi, tukaunganisha tena zile tundu. Taa ikakonyeza haraka haraka bila kupumzika. Mwalimu akasema: "Hapo hakuna namba." Alikuwa ameshajifunza.

Kuhusu kufuta, nina neno kwa vijana. Mkipenda kuchomoa nguzo ya betri badala ya fyuzi, namba zitafutika, lakini na saa itafutika, na ile redio ya Kijapani inaweza kujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari hana. Mnajua wenyewe watu wanavyohangaika na neno ERC kwenye kioo cha redio iliyojifunga. Fyuzi haina ugomvi huo. Na gari likiwa na throto ya umeme, baada ya betri kutolewa linaweza kutetemeka likiwa limesimama mpaka lijifunze tena. Mwambieni mwenye gari kabla, asidhani mmemharibia.

Kwa magari yenye tundu linalosomeka, namba zinaanza na herufi: P ni injini na gia boksi, C ni breki na miguu, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Mbili mtakutana nazo sana. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Kabla ya kununua chochote, sikiliza mpira uliopasuka kati ya chujio la hewa na injini, angalia na chujio la petroli. P0420 inasema masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, hayasafishi moshi inavyotakiwa. Hapa watu wameng'olewa masega yao, yakauzwa, na wakawekewa bomba tupu huku wakiambiwa wamesaidiwa. Masega yana madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, ndiyo maana yana wanunuzi. Ukiambiwa masega yamekufa na unakubali kuyatoa, yale ni mali yako, ondoka nayo mkononi. Lakini kwanza uliza kilichoyaua, kwa sababu mara nyingi ni plagi au koili iliyoacha petroli mbichi ipite na kuungulia humo ndani. Cheki injini inayokonyeza yenyewe ukiwa barabarani, bila mtu kuunganisha waya, ndiyo inakuambia hilo linatokea sasa hivi. Punguza mwendo, usilibane gari, tafuta pa kusimama.

Baadhi ya magari yaliyouzwa Japani yana taa nyingine ya njano yenye herufi tatu za Kijapani, na watu huniuliza kila siku. Hiyo ni joto la ekzosi. Ikiwaka, habari ni hiyohiyo ya masega yanayoungua.

Taa ya O/D OFF haina haja ya fundi kama imewaka na kutulia. Kuna kitufe kwenye mkono wa gia, umekibonyeza, gari haliingii gia ya juu na mafuta yanapotea bure. Nimemtoza mtu shilingi sifuri kwa kubonyeza kitufe hicho, baada ya mwenzake kumwambia gia boksi imekwisha. Lakini ikikonyeza, hilo ni jambo jingine, kompyuta ya gia boksi ina namba ya kukupa.

Taa ya T-BELT kwenye Prado na Surf zenye injini ya dizeli ya 1KZ nataka mnisikilize vizuri. Taa hiyo haina sensa kwenye mkanda wa taimingi. Inahesabu kilomita tu. Mita ikifika 100,000 inawaka. Kwenye nyingi ya hizo unaizima kwa kuhamisha skurubu moja nyuma ya mita kutoka tundu moja kwenda jingine, kazi ya dakika chache, na wapo wanaoihamisha bila kugusa mkanda. Mkanda ukikatika kwenye injini ile, pistoni zinakutana na valvu. Na kama mita ilirudishwa nyuma kabla gari halijakufikia, taa itachelewa kwa kilomita zote zilizofichwa. Ukinunua gari la namna hiyo na huna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, badilisha, uandike kilomita kwenye kibandiko uibandike kwenye kifuniko cha mkanda.

ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado unazo. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiendeshe. Mara nyingi tatizo ni sensa ya tairi iliyojaa tope au waya wake umekatika pale unapopinda na tairi. Kwa Toyota nyingi za zamani namba zake zinasomwa kwa kuunganisha Tc na E1, na baada ya kutengeneza zinafutwa ukiwa bado umeziunganisha, ufunguo uko wazi, unakanyaga breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tatu. Vijana, iandikeni hiyo.

Eabegi siiachii mtu wa kujaribu. Soketi zake ni za njano makusudi, ujue unashika kitu kinacholipuka. Toa nguzo hasi ya betri, subiri si chini ya sekunde 90 ndipo uguse. Usipime mfuko wenyewe kwa mita ya omu hata siku moja, umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua. Kinachokufa sana ni ule utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani. Dalili yake honi nayo inakuwa haisikiki au inasikika ukikata kona tu.

Na hapa nina jambo zito. Kuna mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, kampuni iliyofilisika mwaka 2017. Ilifungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine. Kilipuzi chake kinatumia amonia naitreti, na dawa hiyo huchakaa kwa miaka ya joto na unyevu, yaani hali ya hewa kama hii yetu. Mfuko ukifyatuka, chombo chake cha chuma kinaweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Taa ya eabegi haioni kosa hilo. Inapima nyaya, haipimi dawa. Gari lako linaweza kuwa na dashibodi safi kabisa na mfuko wa namna hiyo umekutazama kifuani. Chukueni namba ya chasisi, ingieni kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako huko Japani, wana ukurasa wa kuangalia kama gari lako liliitwa lirudishwe. Kama mtandao unakusumbua, niletee namba hiyo, nitakuangalizia bure. Nasema mbele ya mwenyekiti, nitakuangalizia bure.

Vijana wa gereji, sikuja kuwasema mbele ya wateja wenu. Najua mteja anakuja na haraka, anasema "nizimie tu hii taa, naenda safari." Nilikuwa mahali penu, na nilichomoa ule waya wa Hilux. Mwambieni hivi: nitakusomea namba kwanza, na kusoma kuna bei yake. Watu watalipa kusomewa kama mkiwaonyesha walichosomewa. Nanyi wenye magari, lipieni kazi hiyo bila kunung'unika hata kama hakuna spea iliyobadilishwa, kwa sababu mkilipia spea peke yake mtauziwa spea peke yake.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Pale nje chini ya mwembe kuna Mark II ya mwanachama wenu mmoja, ya mwaka 1995, cheki injini inawaka tangu Jumatatu. Sijaigusa na sijui ina nini. Mwenyewe ameniruhusu. Waya ninao mfukoni. Tutoke wote, tufungue boneti, na yeye akae kwenye usukani. Nyinyi mtakaosimama dirishani mhesabu kwa sauti, na mmoja awe na kalamu.